Mikono ya Mbele ya Pikapu Iliyoshushwa

Mtu anayenunua Chevrolet C10 ya kizazi kilichoanza mwaka 1973, kwa nia ya kuishusha hata tumbo lake likaribie kugusa lami, aghalabu huanza kazi mahali pasipofaa, napo ni kwenye springi. Huzikata kwa moto au kwa grinda, akafurahi kuona pua ya gari imeinama, asitambue kwamba kwa mkato huo huo mikono miwili ya kila gurudumu la mbele, wa juu na wa chini, ambayo gereji nyingi huiita wishboni, imetolewa katika pembe iliyopewa na waliosanifu gari na kutupwa katika pembe nyingine isiyo na hesabu. Rai yangu, ambayo mwongozo huu wote umesimama juu yake, ni kwamba gari laweza kushushwa kadiri mwenyewe apendavyo, lakini mikono haifai kushushwa pamoja nalo. Na kila mkato na kila mshono wa moto utakaotiwa katika mikono hiyo uwe na muradi mmoja tu, nao ni kuirudishia njia ya kupanda na kushuka iliyoharibiwa na ushushaji. Huku pwani yetu, ambako pikapu huinuliwa ili ipite kwenye mashimo na mchanga, shauku hii ya Wamarekani huenda ikaonekana kuwa kinyume cha akili. Walakini kanuni zinazoitawala ni zile zile zinazotawala gari lililoinuliwa, ila zimepinduliwa, na fundi anayezijua upande mmoja hazimpigi chenga upande wa pili.

Tazama kwanza jinsi viungo hivyo vilivyopangwa. Mikono yote miwili ya C10 ni ya bamba la chuma lililokandamizwa, na wa juu ni mfupi kuliko wa chini. Ncha za ndani zimekaa juu ya bushi zilizofungwa kwenye shafti. Shafti ya mkono wa juu hufungwa kwa bolti, pamoja na vipande vyembamba vya chuma, yaani shimu, ambavyo kwa kuviongeza au kuvipunguza fundi hurekebisha msimamo wa gurudumu. Na shafti ya mkono wa chini hubanwa chini ya kiunzi cha kukingama kwa bolti zenye umbo la herufi U. Ncha za nje hubeba boljointi, yaani kiungo cha tufe ndani ya kikombe, na baina ya boljointi mbili hukaa kipande kizito kinachoshika gurudumu, ambacho humu nitakiita ekseli fupi. Springi imekaa juu ya mkono wa chini, na kwa hiyo uzito wa gari hupita katika mkono huo na katika boljointi yake, ilhali mkono wa juu kazi yake kubwa ni kuongoza tu. Gurudumu linapopanda, mkono wa juu, kwa kuwa ni mfupi, huchora tao dogo zaidi na kuvuta sehemu ya juu ya gurudumu ndani, jambo lililokusudiwa, kwa maana tairi la upande wa nje wa kona hupata kuilalia barabara vizuri zaidi gari linapoegemea. Wasanifu waliweka msimamo wa kawaida takriban katikati ya njia hiyo, ili pawe na akiba ya kupanda na akiba ya kushuka. Anayekata springi na kuteremsha pua kwa sentimita 10 ameila akiba ya kupanda. Gari lake, hata likiwa limeegeshwa kivulini, lipo katika hali ambayo lingekuwemo kwa nukta moja tu lilipopanda tuta.

Athari za jambo hilo haziji zote siku moja. Hutangulia kuonekana tairi kuliwa upande wa ndani, kwa sababu kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kuingia ndani au kutoka nje kwa upande wa juu, imepita kiasi. Kisha, ikiwa pua imeteremshwa kuliko mkia, mhimili wa usukani nao huinama mbele pamoja na chesisi na kasta, yaani mwinamo wa mhimili huo kuelekea nyuma, hupungua, hata usukani ukawa mwepesi usiotulia, ukazembea kurudi wenyewe baada ya kona. Lililo baya kuliko hayo ni la tairodi, yaani fimbo inayoligeuza gurudumu kwa amri ya usukani. Nayo ina urefu wake na tao lake, na ikiwa tao hilo halikubaliani na tao la mikono, gurudumu hujigeuza lenyewe kila linapopanda au kushuka, dereva asipogusa kitu. Katika mwendo wa mjini atadhani barabara ni mbovu, na katika mwendo wa barabara kuu atajikuta akipigana na gari lake mwenyewe. Boljointi nayo ina mwisho wa kuinama, na shina lake likifika kwenye ukingo wa kikombe, haliwi tena kiungo kinachozunguka bali fimbo inayopindwa. Na chuma kinachopindwa mara kwa mara mahali pamoja hatima yake ni kukatika. Ya shokapu inatosha kusema kwamba iliyokuwa sawa kwa urefu wa zamani sasa itakuwa imefikia kitako chake, na huna budi kuibadilisha kwa fupi.

Kabla ya kushika grinda, jiwekee mpaka wa chini ambao hutauvuka. California, jimbo lililoukuza mtindo huu wa magari ya chini, ilikuwa na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1958, ikikataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu yoyote, mbali na magurudumu, iliyo karibu na ardhi kuliko ukingo wa chini wa rimu. Ndipo Ron Aguirre wa San Bernardino akaitia Corvette yake haidroliki, apate kuiinua aonapo polisi na kuishusha apendapo. Katazo hilo la jimbo liliondolewa kwa sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2023 na kuanza kazi Januari 2024. Mimi ningelikuwa mtunga sheria ningelinda uhuru wa watu wa kutembeza magari yao. Lakini nikiwa mtazamaji wa chini ya gari naona kipimo kile kilikuwa na insafu, maana tairi likipasuka, gari huishukia rimu, na kilichoning'inia chini ya rimu ndicho kitakachoburuzika barabarani. Vuta uzi kutoka ukingo wa chini wa rimu ya kulia hadi mahali tairi la kushoto linapokanyaga ardhi, kisha uuvute kutoka kushoto kwenda kulia vivyo hivyo. Boljointi ya chini, bolti za U, ncha ya mkono, kikombe cha springi: kisiwepo chochote kinachougusa uzi huo. Ukikosa kutimiza sharti hili katika michoro yako, usitarajie kulitimiza kwa bahati kazini.

Baada ya hapo pima, na upimaji huu ndio roho ya kazi yote. Mtu akinihakikishia kwamba amepima vizuri, sitamwuliza sana habari za ustadi wake wa kuchomelea. Liweke gari juu ya stendi imara zilizoshika chesisi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Springi ya mbele iliyobanwa ina nguvu ya kuua, kwa hiyo pitisha mnyororo kati ya mizunguko yake na mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, legeza nati ya boljointi pasipo kuitoa yote, gonga kitako cha kipande kilichoshika shina la boljointi mpaka shina lijiachie, kisha toa nati na ushushe jeki polepole, nawe ukiwa umesimama pembeni wala si mbele ya springi. Breki uifunge juu kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Springi ikishatoka, rudisha viungo vyote bila hiyo, nawe utakuwa na gurudumu linalopanda na kushuka kwa jeki ndogo, likikuonyesha siri zake zote. Weka alama ya urefu wa zamani na alama ya urefu unaoutaka. Pandisha kwa sentimita mbili mbili, na kila hatua andika kemba, andika umbali baina ya ukingo wa mbele wa gurudumu na mstari ulionyooshwa sambamba na chesisi, na umbali baina ya ukingo wa nyuma na mstari huo huo. Tofauti ya namba hizi mbili ikibadilika kadiri gurudumu linavyopanda, tairodi haikubaliani na mikono. Aidha, katika kila hatua zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, na utazame boljointi kwa tochi. Mahali shina linapogusa kikombe ndipo mwisho wa safari, hata kama nafasi ya tairi kwenye bodi ingali inaruhusu.

Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama mikono inahitaji kuguswa. Kwa gari linaloshushwa kwa kiasi, jawabu mara nyingi ni hapana. Zipo ekseli fupi zilizosubiwa na pini ya gurudumu ikiwa imepandishwa, kwa C10 aghalabu inchi 2.5, yaani takriban sentimita 6.4, ambazo huteremsha gari kwa kadiri hiyo huku mikono ikibaki katika pembe yake ya asili. Nami sioni njia yenye adabu kuliko hiyo kwa hatua ya kwanza. Hakikisha tu kwamba mkono wa usukani ulio katika kipande hicho umebaki mahali pake ukiupima kutoka kwenye boljointi, kwa kuwa kinachostahili kupanda ni pini peke yake. Na kumbuka kwamba pini ikipanda, boljointi ya chini huwa imeteremka ndani ya rimu. Rudi kwenye uzi wako, tena uangalie isikwaruze rimu. Ekseli fupi yenyewe usiichomelee wala usiipashe moto ili kuipinda. Mtu anayekuambia kwamba amefanya hivyo na gari linatembea anakueleza habari ya jana, si ya kesho.

Mikono huguswa kwa haki pale mwenye gari anapotaka mifuko ya hewa mahali pa springi, ili gari likae chini kabisa likiegeshwa na lipande likitembea. Hapo lazima ufahamu mzigo kabla ya kufahamu umbo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mkono wa chini una sentimita 40 kutoka bushi hadi boljointi, na mfuko umekaa katikati, sentimita 20 kutoka bushi. Gurudumu likiwa limebeba kilo 450, mfuko utabeba kilo 900, kwa kuwa mkono ni wenzo, na aliye nusu ya njia hubeba maradufu. Ukiusogeza mfuko nje hadi sentimita 30, mzigo wake hushuka kuwa kilo 600, hewa inayohitajika hupungua, na mfuko huishi zaidi. Lakini sasa huo utalazimika kunyooka na kujikunja kwa robo tatu ya mwendo wa gurudumu badala ya nusu, na nafasi iliyopo huenda isiutoshe, na ugumu unaoonekana kwenye gurudumu huongezeka zaidi ya mara mbili kwa mfuko wenye ugumu ule ule, maana athari ya wenzo kwa ugumu huhesabiwa kwa mraba. Wengi huweka mfuko palipokuwa springi kwa sababu tundu lipo tayari. Si vibaya. Vibaya ni kutoihesabu tafauti hiyo, kisha kulalamika kwamba mfuko unataka hewa nyingi mno.

Kikalio cha springi katika mkono wa chini hakikuumbwa kwa mfuko, nacho hukatwa na kuwekwa bamba bapa, au kikombe, cha unene usiopungua milimita 6. Pembe za mkato ziwe za mviringo: toboa kwanza tundu kwenye kila kona, kisha kata kutoka tundu hadi tundu, kwa sababu kona kali ndiyo mahali ufa huzaliwa. Usikate midomo ya bamba iliyokunjwa pembeni, kwani ndiyo inayoupa mkono uimara wake; ukilazimika kuigusa, lipa deni hilo kwa bamba la kuimarisha upande wa chini. Bamba la mfuko lielekezwe hivi kwamba uso wa juu na uso wa chini wa mfuko viwe sambamba kwenye urefu wa kutembelea, si kwenye urefu wa kuegesha, ambako gari linalala tu. Ujaze mfuko mpaka ufikie unene wake wote, upandishe na kuushusha mkono mwanzo hadi mwisho, na uachwe upenyo wa sentimita moja na nusu au zaidi kila upande; mpira unaosugua chuma hautoboki siku ya kwanza, hutoboka safarini. Shokapu ikiwa inaubana, ihamishwe, na mahali pake papya pawe na mabano ya kweli. Wala mfuko wenyewe usiwe ndio kizuizi cha mwisho cha mwendo, wala shokapu isiwe: vipande vya mpira vya kuzuia virudishwe, juu na chini, vikutane na chuma kabla ya boljointi kufika mwisho wake.

Mkono wa juu ndio wenye kutaka fikira nyingi na chuma kidogo. Boljointi yake ya asili imefungwa kwa ribiti, nazo hutobolewa kwa drili na boljointi mpya kufungwa kwa bolti ngumu zinazokuja nayo, si bolti za sandukuni. Ikiwa vipimo vyako vilionyesha kwamba kwenye urefu wa kutembelea shina la boljointi limeshainama upande mmoja, kikalio chake hukatwa na kuchomelewa upya kikiwa kimelazwa kwa digrii zinazohitajika, ili katikati ya uhuru wa boljointi ije kwenye katikati ya mwendo mpya. Ikiwa kemba imezidi kuingia ndani na shimu hazitoshi, au zimekuwa rundo nene hata nyuzi za bolti zilizoingia kwenye nati ni chache, basi mkono urefushwe, na kiasi chake kinahesabika: boljointi mbili zikiwa zimeachana kwa sentimita 28, nusu sentimita katika mkono wa juu ni digrii moja ya kemba. Kwa hiyo anayerefusha kwa kukisia, sentimita mbili kwa kuwa zinaonekana kutosha, amekosea kwa digrii ambazo hakuna tairi litakalozisamehe. Tazama pia mahali mkono huo unapopita kwenye chesisi gari likiwa limelala chini. Mara nyingi ni chesisi inayotakiwa kuchongwa, mkono na tairodi zipate njia, na kila kilichochongwa katika chesisi kirudishiwe nguvu kwa bamba la ndani.

Wapo wanaotupa mikono ya bamba na kujenga mipya ya mabomba. Kazi hiyo inafaa ikiwa una kiunzi cha kushikilia vipande, kilichotengenezwa kwa vipimo vya mkono wa asili kabla haujakatwa, na ikiwa bomba ni la chuma kilichovutwa baridi kwa ajili ya mitambo, kipenyo kama milimita 32 na unene wa ukuta kama milimita 5. Bomba la maji lisiingie katika habari hii hata kwa mkopo. Kama huna kiunzi, nunua iliyotengenezwa na wenye kuifanya kazi hii kwa kudumu, uipime nayo kama ulivyopima ile ya zamani, kwa kuwa bei haithibitishi pembe.

Kuhusu moto, hadhari. Toa bushi na boljointi kabla ya kuchomelea, kwa sababu joto huunguza mpira na grisi, tena boljointi iliyopashwa haiaminiki. Kwangua rangi na kutu hata chuma king'ae. Kwangua zinki yote, moshi wake hutia homa. Usisafishe sehemu kwa dawa ya breki yenye klorini na kisha kuichomelea, maana mwale wa umeme wa mashine huigeuza kuwa gesi ya sumu ambayo wakati mmoja ilitumika vitani. Kwa mashine ya waya, mchanganyiko wa argoni 75 kwa mia na kaboni dioksidi 25 kwa mia hufaa vyema kwa chuma cha namna hii. Shikiza kwanza kwa vidoti vya moto pande zote, pima upya, kisha chomelea vipande vifupi vifupi kwa kuruka kutoka upande huu hadi ule ili joto lisiupinde mkono. Uache upoe wenyewe, maji yasiukaribie. Mshono usisagwe uwe laini kwa ajili ya urembo. Kinachoondolewa na grinda ni chuma ulichokilipia. Ukichomelea kitu kikiwa kingali garini, toa waya za betri kwanza. Kisha paka dawa nyekundu ya kufichua nyufa juu ya kila mshono, na usione haya kuukata ule usiokuridhisha.

Katika kufunga, bushi za mpira zina sharti moja linalosahauliwa na wengi: nati za shafti zikazwe gari likiwa kwenye urefu wake wa kutembelea, si mikono ikiwa inaning'inia hewani, kwa kuwa mpira wa namna hii haupigi mzunguko bali husokotwa, na ukikazwa mahali pasipo pake utakaa umesokotwa siku zote mpaka uchanike. Kemba, kasta na mwelekeo wa magurudumu vipimwe katika urefu huo huo, hewa ikiwa imejazwa kwa kiasi cha kusafiri, na uzito unaolingana na wa dereva ukiwa kitini. Kwa pikapu ya kutembelea barabarani, kemba baina ya sifuri na nusu digrii kuelekea ndani, kasta ya digrii 3 hadi 5 kuelekea nyuma, na magurudumu yakiwa yamekaribiana kwa mbele kwa milimita moja na nusu hadi tatu, ni mwanzo mzuri. Anayekupimia akikuambia kwamba shimu zimekwisha na namba hazijafika, usimbembeleze akukadirie. Rudisha gari gereji, kwa maana tatizo limo katika urefu wa mkono.

Baada ya safari fupi za mwanzo kaza tena bolti za U na nati za shafti, na uangalie mpira wa breki usiwe unavutwa gurudumu linaposhuka kabisa wala kusugua mfuko usukani ukiwa umekatwa wote. Na mikono uipake rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, sio nyeusi inayopendwa na wengi, kwa sababu ufa mdogo hutoa mstari wa kutu ambao katika weusi haumwonyeshi mtu kitu. Ukiuona mstari huo kando ya mshono, usichomelee juu yake gari likiwa limesimama. Toa mkono, fuata ufa kwa grinda mpaka mwisho wake, toboa tundu dogo hapo unapoishia, kisha ujaze upya, na kabla hujaurudisha tafuta ni kiungo gani kilichokuwa kikigonga.